Eti "nani angejua"

Kabla ya lifti, maskini ndo walikuwa wanakaa juu. Kwenye maghorofa ya Paris karne ya 19 wenye hela walichukua ghorofa za chini chini, na kadri ngazi zilivyozidi ndivyo kodi ilivyopungua, mpaka unafika kwenye vijumba vya chini ya paa walikobanana watumishi na watu waliofulia. Mwaka 1854 jamaa anaitwa Elisha Otis akasimama kwenye jukwaa la lifti pale New York mbele ya umati, akaamuru kamba ikatwe, breki yake ikashika, hakudondoka, na miaka mitatu baadaye lifti yake ya kwanza ya abiria ikafungwa kwenye duka moja la mji huohuo. Otis alikuwa anauza breki tu. Hakuwa na habari kwamba anakwenda kupindua nani anaishi wapi, lakini ukishaitoa ngazi kwenye hesabu kinachobaki huko juu ni mwanga, upepo na kuona mbali, kelele na vumbi vinabaki kwa wa chini, basi kodi ikageuka kichwa chini miguu juu na mpaka leo ghorofa ya mwisho ndo ya tajiri.

Nimeanza na lifti makusudi, manake hamna mtu ana ugomvi na lifti. Ukianza na AI au mitandao ya kijamii kila mtu tayari ana timu yake, huyu anasema dunia inaisha, yule anasema ndo tumefika, na wote wanaongea kwa uhakika ule wa mtu aliyeenda kesho akarudi. Alafu miaka ikipita, mambo yakienda mrama, walewale waliokuwa na uhakika wanakuja na sentensi moja: nani angejua? Mi hii sentensi inanikera sana. Kuna wakati ni kweli tupu, hakuna binadamu angejua, na kuna wakati kulikuwa na watu wamesimama kabisa wanasema na wakaambiwa wakae chini, alafu sisi tunazipokea zote mbili kwa kichwa kilekile kinachotikisika kwa huruma.

Kabla sijaenda mbali, ule mchezo wa kuwacheka watu wa zamani kwa utabiri wao tuuache kidogo. Kuna nukuu inazunguka sana kwamba bosi wa IBM, Thomas Watson, mwaka 1943 alisema dunia nzima ina soko la kompyuta labda tano. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kusema hivyo. Tunaipenda tu kwasababu inatufanya tujione wajanja, wakati wengi waliokosea kweli walikuwa vichwa, tena kitu chenyewe wamekitengeneza kwa mikono yao.

Mchukue Edison. Mwaka 1877 ametengeneza fonografu, mashine ya kwanza iliyoweza kurekodi sauti na kuirudisha, na mwaka uliofuata akaandika kwenye jarida orodha ya kazi itakazofanya. Ya kwanza kabisa: bosi kuzungumza barua zake bila kumhitaji karani. Vitabu vya sauti kwa wasioona vimo, saa zinazotaja muda zimo, kuhifadhi maneno ya mwisho ya mtu anayekata roho yamo. Muziki pia umo, ila sio juu, na kwa miaka mwenyewe aliendelea kuiona ni mashine ya ofisini zaidi. Yani mtu kifaa kipo mezani kwake na hakuona kwamba ameanzisha biashara ya muziki. Na ukifikiria vizuri, angeonaje? Wakati ule muziki ulikuwa ni kitu kinachofanywa mbele yako, ukitaka kusikia wimbo lazima mtu awepo anaimba. Kumiliki wimbo, kuurudia mara mia peke yako chumbani, msanii amekufa na bado anaimba, hayo hayakuwa mahitaji ya mtu yeyote kwasababu hamna aliyewahi kuyapata akayakosa. Karani alikuwepo, mshahara wake unaonekana, kwahiyo karani ndo akaonekana.

Simu na redio zilichanganyana vibaya zaidi. Budapest mwaka 1893 walianzisha huduma ya simu ambayo hupigi wala hupigiwi, unaweka kifaa sikioni unasikiliza habari na opera, yani redio kabla ya redio. Marekani kampuni za simu ziliuza simu kama chombo cha biashara, na watu walipoanza kuitumia kupiga stori za nyumbani kampuni zenyewe zikawa zinalalamika kwamba laini zinajazwa na umbea. Redio nayo ilianza kama njia ya meli kutumiana ujumbe, na ile kusikika na kila mtu mwenye chombo ilihesabiwa ni kasoro, siri zinavuja. Ile kasoro ndo baadaye ikawa redio yenyewe.

Meseji ya kwanza ya simu ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992, Uingereza, ilikuwa salamu ya Krismasi, na ilitumwa kutoka kwenye kompyuta manake simu za wakati ule zilikuwa hazina hata namna ya kuiandika. Mitandao iliiona kama njia ya kukujulisha una ujumbe wa sauti, basi, hakuna aliyeota kwamba vijana watatongozana na kuachana humo. ARPANET, bibi yake intaneti, iliwashwa mwaka 1969 ili vyuo vitumie kwa pamoja kompyuta za bei mbaya ambazo kila mmoja hawezi kununua yake. Mwaka 1971 Ray Tomlinson akatengeneza programu ya kutuma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, hakuna aliyemtuma, na miaka miwili baadaye robo tatu ya kilichokuwa kinapita kwenye mtandao ule ni barua pepe. Na M-Pesa je? Ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 kama njia ya wateja wa taasisi ya mikopo midogo kurudisha marejesho yao kwa simu. Wateja wakaichukua wakafanya ya kwao, huyu anamtumia mwenzie, yule anamlipia ndugu yake, na waliokuwa wanaendesha jaribio wakawa na akili ya kuangalia badala ya kukasirika, ilipozinduliwa Machi 2007 ikauzwa kama njia ya kutumiana pesa. Mikopo ikabaki nyuma huko.

Kwahiyo mtu anaweza kusema basi kanuni tumeipata, mhandisi anaangalia kazi na watu wanaangalia watu, ukitaka kujua teknolojia itaenda wapi angalia itamsaidia vipi mtu kumfikia mtu. Inaonekana safi. Ila hiyo kanuni AT&T, kampuni kubwa ya simu ya Marekani, waliifuata barabara: mwaka 1964 wakaonyesha simu ya picha kwenye maonyesho ya dunia New York, mwaka 1970 wakaanza kuiuza Pittsburgh, watu kuonana wakiongea, nani asingetaka? Karibu wote hawakutaka. Ilikuwa ghali, ukinunua peke yako hamna wa kumpigia, na pia wengi hawakupenda kuonekana kila simu ikiita. Ikafa. Alafu miongo kadhaa baadaye kitu kilekile kinakuja bure ndani ya simu ya mfukoni na kila mtu anakitumia kama kawaida. Hapa aliyesema "watapenda" alikuwa sahihi na aliyesema "hawatapenda" alikuwa sahihi, walipishana tu kama miaka arobaini hivi, na kampuni haiwezi kula kwenye hiyo tofauti.

Alafu kuna suala la wingi, ambalo mi naona ndo linatuangusha zaidi kuliko mengine yote. Kifaa kikiwa kimoja kina tabia moja, kikiwa kwa kila mtu kina tabia nyingine kabisa, na ile ya pili huwezi kuiona kwa kukichunguza kimoja hata ukae nacho maabara mwaka mzima. Mwishoni mwa karne ya 19 New York ilikuwa na farasi zaidi ya laki moja, mavi yao, mkojo wao, mizoga imelala barabarani siku kadhaa, na gari lilipokuja lilipokelewa kama kitu kisafi. Na gari moja kweli ni safi kuliko farasi. Hata magari mia. Foleni haimo ndani ya gari, fungua injini uitafute hutaiona, vitongoji vya mbali ambavyo bila gari huwezi hata kununua chumvi havimo, na vifo vya barabarani ambavyo shirika la afya duniani linavihesabu kuwa milioni 1.19 kwa mwaka 2021 havimo. Vyote hivyo viko kwenye wingi.

Altrasaundi ndo mfano unaoniumiza kichwa zaidi. Ian Donald na wenzake kule Glasgow mwaka 1958 walichapisha picha za kwanza za maana za tumbo la mama kwa mawimbi ya sauti, kitu kizuri kabisa, hakichomi, hakina mionzi, kimeokoa akina mama na watoto sijui wangapi. Kwa mzazi mmoja kujua jinsia ya mtoto ni furaha tu. Weka kifaa hichohicho kwenye jamii ambayo imeshaamua mtoto wa kiume ndo mtoto, kisambae mpaka kliniki ndogo, na India sensa ya 1991 inakuonyesha wasichana 945 kwa kila wavulana 1000 walio chini ya miaka saba, ya 2001 inakuonyesha 927, na hapo katikati mwaka 1994 sheria ya kukataza kupima jinsia ilishapitishwa! Sasa uniambie Donald angelijuaje hilo kwenye maabara ya Glasgow. Alichokuwa anatakiwa kukijua hakikuwa fizikia wala udaktari, ilibidi ajue mahari, urithi, nani anamtunza mzee, sehemu ambayo hakuwahi kuishi. Mashine haikuwa na nia mbaya wala nzuri, ilikutana na kitu kilichokuwa pale siku nyingi kinasubiri.

Ile ya kuchambua pamba nayo ni hivyohivyo na ni mbaya kuliko zote. Eli Whitney, 1793, mashine ya kutenganisha mbegu na pamba, kazi iliyokuwa inakula mikono ya watu kutwa nzima kwa pamba kiduchu. Ukiambiwa kuna mashine imepunguza kazi ya watumwa utasema haya, utumwa unaelekea mwisho. Wapi. Kuchambua kulipokuwa rahisi, kulima pamba kukawa na faida mahali ambapo zamani hakukuwa na faida, mashamba yakatanuka kusini yote ya Marekani, na kulima na kuchuma bado ni mikono. Sensa ya 1790 ina watumwa karibu laki saba, ya 1860 ina karibu milioni nne. Hiyo sio mashine peke yake, najua, kuna siasa na viwanda vya nguo vya Uingereza na mengine mengi, ila bila mashine ile pamba ya aina ile ilikuwa haiendi popote.

Hili la kazi tulitunze manake ndo linazungumzwa sana saivi. ATM ya kwanza Uingereza iliwekwa na Barclays kaskazini mwa London mwaka 1967, na kila mtu mwenye akili timamu angesema keshia wa dirishani kwisha habari yake. Marekani idadi ya makeshia iliendelea kupanda kwa miongo mingi mbele ya ATM. Tawi moja likawa linahitaji makeshia wachache, likawa rahisi kufungua, benki zikafungua matawi mengi, na keshia akahamishiwa kwenye kuuza mikopo na kadi. Watu wa uchumi wanapenda sana hii stori, wanaimaliza hapo na tabasamu. Wanachoruka ni kwamba benki ilipohamia kwenye simu mtu hana tena sababu ya kwenda tawini, na matawi na makeshia wakaanza kupungua kweli. Mashine iliyosimama dirishani kwao haikuwafukuza, wakaja kusogezwa na kitu ambacho hata hakikufanana na keshia.

Na mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa mababa wa hii akili mnemba tunayoizungumzia kila siku, mwaka 2024 akapata Nobeli ya fizikia, alisema waache kabisa kusomesha madaktari wa radiolojia, wale wanaosoma picha za eksirei na nyinginezo, ndani ya miaka mitano kompyuta itasoma picha kuliko wao, labda kumi. Miaka imepita na nchi nyingi zinalia upungufu wa madaktari haohao. Kompyuta kusoma picha imesonga mbele kweli, hapo hakuota. Ila kumbe kusoma picha ni kipande tu cha kazi ya yule daktari, kuna kuongea na wenzie, kuna kuamua kipimo gani kifanyike, kuna kubeba lawama ikiharibika, na picha zikisomwa haraka hospitali zinapiga picha nyingi zaidi. Wakati huohuo tulioambiwa tuwaonee huruma walikuwa madereva, wasanii eti ndo wa mwisho kuguswa. Novemba 2022 ikatoka ChatGPT, programu za kuchora zilikuwa zimeshaanza, na waandishi na wachoraji wakawa wa kwanza kulia huku dereva wa lori bado yuko barabarani.

Sasa kuna mtu aliikamata hii shida yote kwa ufupi kuliko mimi na kelele zangu, anaitwa David Collingridge, mwaka 1980. Teknolojia ikiwa changa ni rahisi kuibadilisha, ila hujui ina madhara gani ili uibadilishe. Ukishayajua madhara imeshaota mizizi, watu wamejenga maisha yao juu yake, kuibadilisha ni ghali au haiwezekani. Wahenga wanasema samaki mkunje angali mbichi, sawa, lakini samaki akiwa mbichi hujui umkunje upande gani, na siku unajua upande ndo ameshakauka.

Mi nilipokutana na hiyo hoja niliona imemaliza mjadala. Ila kuna mtu mmoja kwenye historia ambaye anaivuruga, na ndo nataka nikae kwake.

Thomas Midgley, mhandisi wa Marekani, alifanya kazi General Motors. Alifanya vitu viwili vikubwa na vyote viwili viliharibu hewa ya dunia nzima, ni kama bahati mbaya iliyomlenga. Cha kwanza, mwishoni mwa 1921 aligundua kwamba ukiweka kemikali yenye madini ya risasi kwenye petroli injini inaacha kugonga, ule mlio wa mafuta kuwaka kabla ya wakati wake. Cha pili, mwaka 1928 yeye na wenzie wakatengeneza gesi za CFC kwa ajili ya friji. Kwenye makala nyingi anatajwa kama mfano wa mtu aliyeleta maafa bila kujua, vyote viwili kapu moja. Hapana. Hebu tuvitenganishe.

Gesi ya friji kwanza. Friji za kabla ya hapo zilitumia amonia, dioksidi ya salfa na vitu vingine ambavyo vikivuja vinaua familia usiku. Midgley akaleta gesi isiyowaka, isiyo na sumu, mwaka 1930 akaivuta mbele ya wanasayansi wenzie akapulizia mshumaa ukazimika, kuonyesha haina madhara kwa mtu na haishiki moto. Na kweli ilikuwa salama, kwa kila kipimo kilichokuwepo. Ila kule kutulia kwake kusikochanganyika na kitu ndo kuliifanya ikae hewani miaka na miaka mpaka ifike juu kabisa ambako mwanga mkali wa jua unaivunja na klorini inayotoka inakula ozoni, tabaka la hewa linalotukinga na miale mikali ya jua. Hilo lilikuja kuelezwa na Mario Molina na Sherwood Rowland mwaka 1974. Midgley alishakufa tangu 1944. Hapa ukiniambia nani angejua nakubali kwa mikono miwili, sayansi ya kujua ilikuwa haipo.

Sasa petroli. Risasi ni sumu inayojulikana tangu zama za Warumi huko, hii haikuhitaji sayansi mpya. Kampuni walipoanza kuuza mwaka 1923 waliibatiza jina la Ethyl, neno risasi halimo kwenye jina wala kwenye tangazo, na mtu asiyejua kitu hana sababu ya kukificha. Midgley mwenyewe alishaugua sumu hiyohiyo akalazimika kupumzika. Oktoba 1924 kwenye kiwanda kimoja New Jersey wafanyakazi watano walikufa, wengine wengi wakalazwa wakiona mambo yasiyokuwepo, na siku chache baadaye Midgley akaitisha waandishi wa habari akanawa ile kemikali mikononi na kuinusa kuonyesha hamna shida. Mei 1925 serikali ikaita mkutano Washington. Alice Hamilton, daktari aliyekuwa anaijua sumu ya risasi viwandani kuliko karibu mtu yeyote nchini mwake, akapinga. Yandell Henderson wa Yale akasema hatari itakuja polepole, watu watakuwa wanaivuta barabarani bila kujua mpaka iwe imeenea kila mahali. Hiyo ni 1925! Na ndo ilivyokuja kuwa, neno kwa neno. Tena walijua kwamba pombe ya ethanoli nayo inazuia injini kugonga, ila hiyo yeyote anaweza kuitengeneza, huwezi kuiwekea hataza ukakaa unakusanya hela.

Mauzo yakasimama kwa muda, yakaruhusiwa tena mwaka 1926. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuuza petroli ya risasi kwa magari ni Algeria, 2021. Karibu miaka mia, kitu ambacho kilielezwa mezani kabla hakijasambaa. Sikio la kufa halisikii dawa, ila hapa waliokuwa na sikio sio waliokufa.

Ndo maana nasema Collingridge yuko sahihi nusu. Shida yake ni ya CFC. Petroli ya risasi haikuwa shida ya kutabiri, utabiri ulikuwepo, ulikuwa sahihi, uliandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, kilichokosekana ni nani ana mamlaka ya kusema subiri na nani anatakiwa kuthibitisha. Kwenye ule mkutano aliyetakiwa kuleta ushahidi ni anayelalamika, anayeuza anasimama kidogo tu kisha anaendelea kuuza huku ushahidi unatafutwa. Ukipanga hivyo hata ukiwa na manabii kumi wa kweli wataishia kuwa watu wa kukumbukwa kwenye makala kama hii.

Na kwenye CFC ambako kweli hakuna aliyejua, cha ajabu mambo yalikwenda vizuri zaidi. Kutoka makala ya 1974 mpaka mkataba wa Montreal wa 1987 ni miaka 13 tu, na baadaye kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa ikaridhia. Sababu ziko nyingi, moja ni kwamba viwanda viliweza kutengeneza mbadala na kuuza. Ila nyingine ambayo mi naipenda ni kituo cha Waingereza kule Antaktika kinaitwa Halley, ambako tangu miaka ya 1950 kulikuwa na watu wanapima ozoni juu ya vichwa vyao, kila mwaka, kifaa cha aina ileile, baridi ileile, bila kutafuta chochote hasa. Kazi ya kuchosha isiyo na sifa. Mwaka 1985 Joe Farman na wenzie wawili wakatangaza kwamba kila majira ya baridi ya huko yanapoisha ozoni inaporomoka. Setilaiti ya NASA nayo ilikuwa imeona namba hizohizo, ila programu iliziwekea alama ya kutiliwa shaka kwasababu zilikuwa chini mno kuaminika. Yani kilichotuokoa sio mtu aliyetabiri, tundu kubwa namna ile juu ya Antaktika hata Molina na Rowland hawakulitabiri. Kilichosaidia ni mtu aliyekuwa anapima toka zamani, kwahiyo kitu kilipobadilika akawa na cha kulinganisha, na hakuwa mwajiriwa wa muuzaji wa friji.

Kwahiyo saivi mtu akiniuliza AI itafanya nini kwa kazi, kwa shule, kwa watoto, sina jibu na sidhani mwenye jibu yupo, hata awe na Nobeli. Ninachouliza mimi ni nani anapima, na alianza lini. Kwenye mitandao ya kijamii tulichelewa vibaya, kitufe cha like cha Facebook kimekuja 2009 na hadi leo wataalamu wanabishana kama mitandao inawaharibu vijana au la, na sehemu kubwa ya ubishi ni kwamba namba nzuri ziko ndani ya kampuni zenyewe. Hata vidirisha vichache vya kuchungulia vilivyokuwepo vimefungwa, Twitter waliacha kutoa data zao bure kwa programu za nje mwaka 2023, Meta, wenye Facebook, wakaizima CrowdTangle Agosti 2024, kifaa ambacho waandishi na watafiti walikitumia kuona nini kinasambaa. Umoja wa Ulaya kwenye sheria yao ya huduma za kidijitali ya 2022 wameweka kifungu cha 40, kinachozilazimisha kampuni kubwa kuwafungulia data watafiti walioidhinishwa. Kwenye zile programu za kuzungumza na AI, ambazo mamilioni wanazimwagia moyo kila usiku, sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu wanavyozitumia tunaipata pale kampuni ikiamua kutoa ripoti yake yenyewe.